Mgongo wa Kigae

Bi Rayya alinawa mikono mara tatu kabla ya kula,
maana kutwa aliosha mawe
katika maabara ya kampuni, nyuma ya karakana, Samail,
na vumbi la kromiti halina adabu,
hukufuata mpaka ndani ya wali.

Usiku wa Ijumaa aliniwekea sinia:
jiwe jeusi, jiwe jeusi, jiwe jeusi,
tone la ubani wa Dhofar, lulu iliyong'oka kwenye pete,
chumvi ya mawe,
na donge la kijani lenye matundu kama mkate wa mofa.
"Toa yasiyo madini," akasema, "halafu ule."

Nikatoa chumvi.
Akairudisha.
"Iponde. Chembe yake ni kijisanduku.
Iponde tena: kijisanduku kile kile, kimepungua tu.
Ndani imejipanga safu, bega kwa bega,
na hakuna aliyeiambia inyooshe.
Ubani ni chozi la mti. Lulu, chaza kaitema kwa maumivu.
Donge hilo lisikughuri kwa ukijani wake,
ni taka za tanuri; watu waliyeyusha shaba bondeni humu
kabla babu wa babu yako hajapewa jina.
Madini hayakuzaliwa, mwanangu, wala hayakupikwa na mtu."

Yakabaki meusi matatu.
Akaleta kigae kilichosalia tulipojenga choo,
akakigeuza.
"Usoni kimepakwa, hakisemi kitu.
Mgongoni kuna ukweli. Kwaruza."

La kwanza likaacha kahawia, kama kahawa iliyokaukia kikombeni.
La pili, jeusi ti, likaacha wekundu wa hina.
La tatu likaacha weusi wake wenyewe,
kisha likaishika sumaku ya mlango wa friji
na halikutaka kuiachia.

Meupe tuliyapima siku nyingine.
Jasi lilikubali ukucha wangu.
La pili lilikataa ukucha, likakubali kisu,
na tulipolidondoshea siki likatoa povu, likanong'ona.
La tatu lilikata kioo cha dirisha.
Mkwaruzo upo hadi leo; Baba hakuambiwa ni nani.

Akaja Zahran, mtoto wa shangazi,
na kitu kafunga ndani ya kilemba.
Kilimeta. Gari alishaichagua, rangi pia.
Bi Rayya hakusema. Alimsogezea kigae.
Zahran akatazama kigae, akatazama mlango.
Chai ikapoa.
Mwishowe akakwaruza, na mchirizi ukatoka mweusi,
mweusi wa kijani, kama maji ya mtaro.
Akagonga kwa nyundo: cheche, na harufu ya kiberiti
ikajaa jikoni.
"Dhahabu huacha dhahabu," Bi Rayya akasema,
akammiminia chai nyingine.
Aliliacha dirishani. Mvua mbili tu, likaanza kutoa kutu.

Mwaka ule nilikuwa mgeni shuleni.
Tulikuwa tumetoka Wete na masanduku manne,
nguo zangu za Samail, buibui la Samail,
jina la ukoo wa Samail tangu enzi.
Mwalimu akanisimamisha nisome.
Nikafika kwenye herufi ya kooni,
ikanitoka laini, imelowa maji ya Pemba,
na darasa zima likageuka.
Neno waliloniita
nililibeba mpaka nyumbani, juani, kilomita mbili.

Bi Rayya alikuwa akiosha mchele.
Hakunifuta machozi.
Alitoa kigae, akachukua jiwe moja ndani ya kiganja,
akalifunika nisilione,
akachora mstari.
"Lipi hili?"
Wekundu wa hina.
"Lile la pili."
"Umejuaje, na hujaliona?"

Nikataka kujibu. Nikanyamaza.
Mchele ukachemka, ukafurika kidogo juu ya jiko.
Nikanawa mikono,
nikala.